Sauti ya Honoré ilikuwa tamu

Wandugu, juzi tuliangalia pamoja Sometimes in April, filamu ya Raoul Peck ya mwaka 2005. Peck ni Muhaiti, lakini kwetu si mgeni: utotoni aliishi Kinshasa, na ndiye aliyetengeneza Lumumba mwaka 2000.

Hadithi ni ya ndugu wawili Wahutu wa Rwanda. Augustin ni kapiteni wa jeshi, bibi yake ni Mtutsi. Honoré ni mtangazaji wa RTLM, ile redio iliyoanza Julai 1993. Miaka kumi baadaye Honoré yuko Arusha mbele ya mahakama, anamwandikia Augustin aje amuone. Filamu haituonyeshi zimwi. Inatuonyesha ndugu ya mtu, shemeji ya mtu.

Na hapo njo penye kuuma. RTLM haikuanza na kuita damu. Ilianza na muziki mzuri, vichekesho, na watangazaji wenye kuongea kama vijana wa mtaani, wakati redio ya taifa ilikuwa inasinzisha watu. Vijana waliipenda! Kisha, Aprili 1994, sauti zilezile zikasoma majina ya watu, mahali wanaishi, namba za magari yao. Mmoja wa waanzilishi, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia chuo kikuu. Basi tusidanganyane kwamba chuki ni ya wale hawakusoma.

Wenzetu wengine wanasema: ile ni mambo ya Rwanda. Kweli? Agosti 1998 Abdoulaye Yerodia alitoa hotuba juu ya Watutsi, na kwa sababu yake Ubelgiji ikatoa hati ya kumkamata mwaka 2000. Inchi yetu ilishitaki Ubelgiji kule La Haye na ikashinda, 2002. Haikushinda sababu maneno yalikuwa safi. Ilishinda sababu alikuwa waziri wa mambo ya inje, na waziri ana kinga.

Wengine wanataka serikali ifunge redio zote za wanasiasa. Hapo tunakataa. Mwenye kushika kifungo ataanza na ile redio inayouliza pesa ya barabara ilienda wapi. Wakati watu wanakatwa, ni jambo lingine: Mei 1994 Pentagon ilipiga hesabu ya ndege ya kuvuruga mawimbi ya RTLM, dola 8.500 kwa saa, ikaona ni ghali. Dola 8.500!

Kisha filamu tukawasha simu. Kwenye grupu letu moja la WhatsApp kulikuwa odio: kijana anachekesha, sauti tamu kabisa, na katikati ya kicheko anataja namba ya gari na kartiye. Mwenzetu mmoja, tuliyekaa naye pale mbele ya filamu, alikuwa ameisha kuituma kwa wengine asubuhi. “Juu ilikuwa inachekesha,” alisema. Ameifuta. Lakini ilikuwa imeisha kufika kwenye magrupu mengine matatu, na huko hatuna mutu.