Bei Rahisi na Deni la Mji

Mwezi Aprili, 2023, kampuni ya Walmart ya Marekani, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya rejareja, ilitangaza kwamba inafunga maduka 4 kati ya 8 iliyokuwa nayo katika jiji la Chicago. Tangazo lilitolewa tarehe 11. Ilipofika tarehe 16 milango ilikuwa imekwisha kufungwa. Kampuni ilieleza kwamba maduka yake ya Chicago, yakichukuliwa kwa jumla, hayakuwa yamepata faida tangu la kwanza lilipofunguliwa, yaani kwa muda wa karibu miaka 17. Baadhi ya maduka hayo yalikuwa upande wa kusini wa jiji, katika mitaa ya watu weusi, ambako duka hilo moja ndilo lililokuwa la vyakula, la nguo za watoto na la dawa. Mzee aliyekuwa akichukua dawa zake hapo ilimbidi atafute mahali pengine.

Jambo hili halieleweki vizuri bila kukumbuka yaliyotokea katika jiji hilo hilo mwaka 2006. Mwaka huo Baraza la Jiji la Chicago lilipitisha, kwa kura 35 dhidi ya 14, sheria ya kuyalazimisha maduka makubwa ya kampuni tajiri yawalipe wafanyakazi wake mshahara ambao ungefikia dola 10 kwa saa, pamoja na marupurupu, ifikapo mwaka 2010. Matajiri wakapiga kelele. Ikasemwa kwamba sheria hiyo ingewafukuza wawekezaji na kwamba mitaa maskini ingebaki bila maduka na bila kazi. Meya Richard M. Daley akaipinga sheria hiyo kwa kura yake ya turufu, ya kwanza kuitumia tangu aingie madarakani mwaka 1989, na wajumbe wakashindwa kupata kura za kutosha kuirudisha. Mwezi huo huo wa Septemba Walmart ikafungua duka lake la kwanza jijini. Hivyo mfanyakazi wa Chicago aliombwa aache madai yake ya mshahara ili duka lipatikane. Akaukosa mshahara ule, na baada ya miaka 17 wenzake wengi wakalikosa na duka.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba biashara ni biashara, na kwamba duka lisilo na faida halina budi kufungwa. Lakini maduka ya bei nafuu yana historia ndefu zaidi ya hesabu za mwaka mmoja, na katika historia hiyo hasara iliyo kubwa zaidi haikuandikwa katika vitabu vya kampuni yo yote. Iliandikwa katika vitabu vya miji.

Mwanzilishi wa biashara hii, Frank Winfield Woolworth, alifanikiwa mwaka 1879 katika mji wa Lancaster, Pennsylvania, kwa kuuza vitu vidogo vidogo kwa senti 5, na baadaye kwa senti 10. Mwaka 1913 aliweza kujenga mjini New York jengo lililokuwa refu kuliko yote duniani, na akalilipia kwa fedha taslimu. Sebastian Kresge akafuata njia hiyo hiyo katika jiji la Detroit mwaka 1899. Maduka hayo yalikuwa katikati ya mji, mahali tramu ziliposimama, na kabwela aliyekuwa na senti zake chache aliingia humo bila kutazamwa kwa dharau na karani wa kaunta. Hiyo ilikuwa faida ya kweli kwa watu, wala haifai kubezwa.

Isitoshe, kwa kuwa maduka hayo yalikuwa mjini, mikono ya watu iliyafikia. Mwaka 1937 wasichana zaidi ya 100 waliokuwa wakiuza katika duka la Woolworth la Detroit walikaa ndani ya duka wakakataa kutoka, wakala na kulala humo kwa muda wa siku 7 mpaka kampuni ikakubali kuwaongezea mshahara na kukitambua chama chao. Tarehe 1 Februari, 1960, wanafunzi 4 weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, ambapo watu weusi waliruhusiwa kununua mswaki lakini si kuketi na kunywa kahawa. Mgomo wao ulienea katika miji mingi ya kusini, na kufikia mwezi Julai kaunta hiyo ikafunguliwa kwa watu wote. Ugomvi wa namna hiyo huwezekana tu pale ambapo duka na wananchi wako mtaa mmoja.

Mwaka 1962 ndipo mambo yalipogeuka. Katika mwaka huo mmoja kampuni ya Kresge ilifungua Kmart ya kwanza huko Garden City, nje ya Detroit. Target ikafunguliwa Roseville, Minnesota. Walmart ikafunguliwa na Sam Walton katika mji mdogo wa Rogers, Arkansas. Na Woolworth yenyewe ikaanzisha Woolco huko Columbus, Ohio. Utaratibu wa wote ulikuwa mmoja. Badala ya jengo la ghorofa nyingi katikati ya mji, lenye wauzaji wanaojua bidhaa zao na vijana wa kupeleka mizigo nyumbani kwa mnunuzi, lilijengwa banda pana la ghorofa moja penye ardhi ya bei ndogo, na mbele yake uwanja wa kuegesha magari. Mnunuzi akapewa kigari akisukume mwenyewe, achague mwenyewe, apange foleni mwenyewe. Faida kwa kila kitu ilikuwa ndogo, lakini bidhaa hazikukaa rafuni. Kazi iliyokuwa ikifanywa na karani mwenye mshahara ilihamishiwa kwa mnunuzi, naye akaifanya bure kwa furaha, maana bei ilikuwa imeteremka.

Utaratibu huo usingefaulu kama serikali isingeutengenezea njia. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilitumia fedha za umma kujenga barabara zilizopasua katikati ya miji na kuwatoa wenye magari mpaka viungani. Mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali tangu miaka ya 1930 ilitolewa kwa wingi kwa wazungu waliohamia huko, ikanyimwa mitaa ya watu weusi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wanunuzi waliukimbia mji kwa hiari yao tu na wafanyabiashara wakawafuata. Walisafirishwa kwa gharama ya kodi ya wote, pamoja na kodi ya wale waliokatazwa kuhama.

Detroit ndiyo iliyoumia kuliko miji mingi. Mwaka 1950 ilikuwa na watu 1,849,568. Katika Woodward Avenue lilisimama duka la Hudson's, mojawapo ya maduka makubwa kuliko yote duniani. Mwaka 1954 Hudson's wenyewe walijenga Northland, soko kubwa la viungani huko Southfield, lililochorwa na Victor Gruen, na kuanzia hapo duka la mjini likawa linashindana na mtoto wake. Mwaka 1969 Hudson's iliungana na Dayton's ya Minneapolis, wenye Target. Duka la Woodward likafungwa Januari 1983, na Oktoba 1998 likabomolewa kwa baruti huku watu wakitazama. Mwaka 2000 kampuni nzima ikajiita Target, na mwaka 2004 ikayauza yale maduka makubwa ya kale yaliyoizaa. Mtoto alimrithi mzazi angali hai. Ilipofanyika sensa ya mwaka 2020, Detroit ilikuwa na watu 639,111.

Yeyote anayedhani kwamba walioufanya mji ukiwa walistarehe baadaye atazame mwisho wa Kmart. Kampuni hiyo iliacha jina la Kresge mwaka 1977, na mwaka 1987 ikayauza maduka ya Kresge yaliyosalia. Ilikuwa na maduka zaidi ya 2,000. Lakini badala ya kutengeneza maghala na hesabu zake ikaanza kununua biashara za vitabu, za michezo na za vifaa vya ofisi, wakati Walmart ilikuwa ikijenga maghala yaliyo mwendo wa siku moja kwa lori kutoka kila duka, na kuanzia mwaka 1987 ikipeleka taarifa za mauzo makao makuu kwa satelaiti. Januari 2002 Kmart iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake. Miezi miwili baadaye ilitangaza kufunga maduka zaidi ya 280 na kupunguza kazi 22,000; mwaka uliofuata yakafungwa zaidi ya 300 mengine.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kufikiriwa sana. Tajiri wa fedha Edward Lampert aliishika Kmart, akainunua Sears na kuziunganisha mwaka 2005. Ikaonekana upesi kwamba ardhi chini ya maduka ilikuwa na thamani machoni pa wenye hisa kuliko biashara iliyo juu yake. Mwaka 2015 majengo 235 yaliuzwa kwa dola bilioni 2.7 kwa kampuni nyingine ambayo Lampert mwenyewe alikuwa mwenyekiti wake, kisha maduka yakawa wapangaji katika nyumba zilizokuwa zao. Mwaka 2018 Sears na Kmart zikaanguka pamoja. Oktoba 2024 ilifungwa Kmart kubwa ya mwisho katika bara la Marekani, huko Bridgehampton, New York. Uingereza ilikuwa imekwisha kuonja hayo: maduka ya Woolworths, zaidi ya 800, yalimalizika kufungwa Januari 2009, na watu wapatao 27,000 wakapoteza kazi.

Mambo haya hayako mbali na Afrika ya Mashariki. Mwaka 2011 Walmart ilinunua zaidi ya nusu ya kampuni ya Massmart ya Afrika ya Kusini, yenye maduka ya Game, na Game ilikuwa na duka Dar es Salaam, pale Mlimani City. Mwaka 2021 Massmart ikatangaza kuondoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa uamuzi uliofanyika mbali na Ubungo. Shoprite ilikuwa imekwisha kuondoka Tanzania mwaka 2014 na kuiuzia Nakumatt ya Kenya, nayo Nakumatt ikaanguka na madeni yake kuanzia mwaka 2017, ikiwaacha wakulima na wenye viwanda vidogo walioipelekea mali wakisubiri malipo. Kariakoo, yenye wafanyabiashara maelfu kwa maelfu, ilipounguliwa na soko Julai 2021, mitaa yake iliyolizunguka iliendelea kuuza. Hasara ilikuwa kubwa, lakini hakuna mtu mmoja aliyeweza kuamua kwa barua kwamba Kariakoo haipo tena.

Hii haina maana kwamba duka kubwa lipigwe marufuku. Tanzania yenyewe ilijifunza mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, kwamba kulifunga duka la mtu binafsi kabla duka la ushirika halijasimama imara ni kuwaletea wanakijiji shida ya chumvi na sabuni. Mama mwenye watoto watano anayo haki ya kununua sare za shule kwa bei rahisi, wala haifai asomewe hotuba juu ya uzuri wa duka dogo linalomlangua. Lakini halmashauri ya mji inapompa mwenye duka kubwa ardhi, barabara na msamaha wa kodi, inatoa mali ya umma, na mtoa mali anayo haki ya kuandika masharti. Mkataba useme mshahara wa chini ni kiasi gani, wakulima na mafundi wa hapo watalipwa kwa siku ngapi, na notisi ya kufunga iwe ya miezi, si ya siku 5. Mwekezaji anayekimbia kwa sababu ya masharti kama hayo ameonyesha mapema alikusudia kukaa muda gani.

Detroit yenyewe imeanza kujaribu njia nyingine. Mwezi Mei, 2024, ulifunguliwa ushirika wa Detroit People's Food Co-op, katika Woodward Avenue ile ile ya Hudson's na ya wasichana wa mwaka 1937. Ni duka la vyakula linaloongozwa na watu weusi wa mji huo, na liliwachukua miaka mingi ya kuchanga hisa. Duka hilo ni moja tu, halina lori wala satelaiti, na litapata taabu kushindana na makampuni makubwa kwa bei ya sukari. Wenye hisa zake ni zaidi ya 2,000, na wengi wao ndio hao hao wanaosimama kwenye foleni ya kulipa.