Acheni kumshangilia anayejenga ndege peke yake

Wiki hii nimetumiwa video moja na watu saba tofauti. Mnaijua hata kama hamjaiona: kijana, ua wa nyumba, mabati, magurudumu ya pikipiki, injini ya gari iliyofungwa propela, na umati unapiga vigelegele. Mtangazaji anasema "amejifundisha mwenyewe kwenye intaneti". Kisha kile kitu kinakimbia uwanjani, kinatimua vumbi, hakipai. Watu wanapiga makofi vile vile. Na kila aliyenitumia ameandika chini yake: hawa si ndio watu wako?

Wanaweza kuwa watu wangu, naam. Lakini kushangilia sishangilii tena, na leo nimeona niandike kwa nini.

Kwa wasomaji wapya: kazi inayonilisha ni kuandika programu. Jumamosi baada ya Alasiri ninaendesha kikundi cha watu wanaotaka kujenga na kurusha ndege ndogo, hapa hapa Mji wa Kale, katika chumba cha chini cha nyumba moja kuukuu huko Kibokoni. Hatuna bango wala fulana. Tuna meza mbili, mizani, kompyuta chakavu yenye simuleta, daftari kubwa, na wanachama tisa. Miezi michache iliyopita tulikuwa kumi na wanne. Nitawafikisha huko.

Kuna jina ambalo lazima nilitaje kwa heshima. Mwaka 2010 televisheni zetu zilituonyesha Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta kama mimi, hakusomea uhandisi wa ndege, aliyejenga ndege kwa maarifa aliyoyaokota kwenye intaneti na kuifunga injini ya Toyota. Haikupaa. Hakukata tamaa, akajenga nyingine. Mwaka 2011 ikawa zamu ya Kampala: Chris Nsamba na ndege ya viti viwili iliyokuwa ikijengwa uani kwa mama yake. Sina neno baya juu ya wanaume hawa. Neno baya ninalo juu yetu sisi watazamaji. Hebu jiulizeni: katika habari zote za aina hii mlizosoma, ni ngapi zilizouliza nani mwingine ameikagua? Kitovu cha uzito kiko wapi? Gundi ni ipi, na imejaribiwa wapi? Mwandishi anauliza "ulianza lini kuota kuruka?" na habari imekwisha.

Sisi tunaoandika programu tuna ugonjwa huo huo, tunapenda hadithi ya gwiji aliyejifungia chumbani akatoka na maajabu. Ni hadithi ya uongo hata kwetu. Ofisini kwetu siwezi kubadilisha mstari mmoja wa programu inayohesabu pesa za watu bila mwenzangu kuusoma. Mstari mmoja, jamani! Na kosa likipenya, tunarudisha toleo la jana, tunaagiza chai. Ukiwa hewani hakuna toleo la jana.

Mtaniambia: ndugu Wright walikuwa mafundi baiskeli, nani aliwakagua? Hapo ndipo watu wanaposoma nusu ya ukurasa. Tangu mwaka 1900 Wilbur Wright alikuwa akiandikiana barua na Octave Chanute, mhandisi aliyekusanya karibu kila jaribio la kuruka lililojulikana wakati wake. Mwaka 1901 ndugu hao walitengeneza kisanduku cha kupulizia upepo, wakapima vipande vya mabawa kimoja kimoja kwa sababu hesabu walizozirithi hazikuwa zikitoa majibu sawa. Ndipo ikaja Desemba 17, 1903. Na aliyewatangulia, Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliruka na mabawa yake mara kama 2,000, kila kitu akikiandika, na bado upepo ulimwangusha mwaka 1896, akafa kesho yake. Huyo alikuwa mwangalifu. Fikirieni asiye mwangalifu.

Sasa nikae kidogo kwenye injini, kwa maana ndiyo inayowadanganya wengi. Injini ya gari hutoa nguvu yake kubwa ikizunguka mara 5,000 au zaidi kwa dakika. Propela ya ndege ndogo inataka kama 2,500 hivi. Ukiizidisha, ncha zake zinakaribia kasi ya sauti, inapiga kelele badala ya kuvuta. Kwa hiyo unahitaji gia ya kupunguza mzunguko, na gia ina uzito. Injini inapozwa kwa maji, kwa hiyo rejeta, na maji yenyewe. Injini ya Rotax 912, ambayo ndege nyingi za namna hii hutumia duniani, hutoa nguvu farasi 80 na haizidi sana kilo 60, gia ikiwa ndani. Ile ya gari ukishaikamilisha inaweza kufika mara mbili ya hapo. Na uzito huo wote umekaa puani. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kunyanyua inaongezeka mara nne, hilo ni kweli, ndiyo maana kijana anafikiri "nitakimbiza tu zaidi". Lakini sasa anahitaji uwanja mrefu zaidi, na siku mambo yakienda mrama yanaenda mrama akiwa mbio zaidi.

Hayo yote si siri. Yako kwenye vitabu na kwenye intaneti, bure. Kinachokosekana ni mtu wa pili wa kukuambia "umekosea hapa" kabla hujakaa kwenye kiti.

Wenzetu walilitatua zamani bila miujiza. Uingereza walianzisha chama cha ndege nyepesi mwaka 1946. Leo kinaitwa Light Aircraft Association, kina wakaguzi wake wanaomtembelea mjenzi gereji kwake hatua kwa hatua, na serikali imekikabidhi sehemu kubwa ya kazi hiyo. Marekani, Paul Poberezny na wenzake walianzisha Experimental Aircraft Association mwaka 1953 huko Wisconsin, na sasa mkutano wao wa kila mwaka pale Oshkosh unavuta mamia ya maelfu ya watu. Sheria yao ni rahisi kuielewa: ukijenga mwenyewe zaidi ya nusu ya ndege, kwa kujifunza au kujifurahisha, unaweza kuisajili. Inakaguliwa. Kisha kwa kawaida unairusha saa 25 au 40 za majaribio, mbali na watu, bila kubeba abiria wa kawaida. Hakuna anayemwita gwiji. Ni fundi bomba, ni mwalimu, ana daftari.

Na Kenya? Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka 1927, miaka mingi kabla nchi nyingi hazijajua uwanja wa ndege ni nini. Ilikuwa klabu ya walowezi, hilo tusilizunguke. Babu zetu walikuwepo, ila wakishika kamba na kubeba madebe ya mafuta. Iko hadi leo pale Wilson, Nairobi. Na kule Kajiado kuna Orly, kiwanja cha wapenda ndege ndogo. Kwa hiyo ujuzi umo nchini karibu karne nzima. Lakini uko kilomita mia nne na ushei kutoka Kibokoni, na mwanafunzi wa Tudor akitaka kuufikia ajue kwanza nauli, kisha ada, kisha mtu wa kumtambulisha. Viwango vya kimataifa vinadai saa 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi. Piga hesabu ya mafuta peke yake.

Pwani tuna nini? Tuna watu wanaojua mbao kuliko mhandisi yeyote ninayemjua. Katika kikundi chetu yuko mzee aliyeshona tanga na kupiga kalafati tangu utotoni. Siku ya kwanza alizunguka meza, akaishika ubavu wa bawa, akaukunja kidogo, akanitazama. "Mwanangu," akasema, "mbao ikikulaghai baharini, waogelea. Huko juu waogelea wapi?" Tangu siku hiyo hakuna kipande cha mbao kinachoingia kwenye bawa bila yeye kukigonga kwa kidole na kusikiliza.

Sasa niwafikishe kwenye wale watano.

Tulijenga bawa moja. Ndege yenyewe, na mtu ndani, imekusudiwa iwe kilo 250. Kipimo cha kawaida ni kwamba mabawa yabebe mara 3.8 ya uzito huo bila kudhurika, yaani kilo 950, nusu yake kila bawa. Basi ukaligeuza bawa juu chini, ukalifunga mzizi, ukalipakia mchanga taratibu. Mifuko ya kilo 20. Tulihitaji 24.

Lilivunjika mfuko wa 17.

Tulipolifungua, mbao haikuwa imechanika. Gundi ilikuwa imeachia, safi, kama karatasi iliyobanduliwa. Fundi yeyote atawaambia: kiungo kizuri kikivunjika huvunjika mbao, si gundi. Ilipakwa siku ya unyevu, na unyevu wa kisiwa hiki mnaujua, hata chumvi mezani haimwagiki. Kilo 340 kwa bawa moja ni kama mara 2.7 ya uzito. Ndege ukiilaza digrii 70 katika kona kali tayari unadai zaidi ya hapo. Nikaandika daftarini: limeshindwa, rudia viungo vyote.

Mwenzetu mmoja, kijana hodari kuliko sisi sote kwa mikono, akasema hakuna anayelaza ndege digrii 70, tutaruka moja kwa moja ufuoni, mita kumi juu ya mchanga, na watu wa televisheni wameshaahidi kuja. Nikamwambia hapana. Akaniita mwoga mbele ya watu. Akaondoka na wanne, na fremu, ambayo kwa haki ni yake, na injini. Nasikia iko ng'ambo ya daraja la Nyali sasa, na video ya kuiwasha imeshatazamwa mara nyingi kuliko chochote nilichowahi kuandika hapa. Wanaomshangilia ni nyinyi. Ndiyo, nyinyi mnaosoma.

Wengine mnaniambia kelele zangu nizipeleke serikalini. Nimepeleka. Ofisi moja, siitaji, tulipoomba atumwe mtu kuona tu, tuliombwa cheti cha kampuni na mtaji. Tukasema sisi ni kikundi cha kujifunza. Barua ikalala. Mtindo huu tuliuona kwenye droni: zilipigwa marufuku kwanza, kanuni zikachapishwa mwaka 2017, Bunge likazifuta mwaka 2018, mpya zikaja 2020. Miaka hiyo yote droni zilikuwa zikiruka harusini Nyali! Marufuku haikuzuia mtu kurusha. Ilizuia mtu kujifunza hadharani, na anayejifunza kwa kujificha hajifunzi na mtu wa pili. Na sisemi anga iachwe wazi. Moi International iko pale Port Reitz, ng'ambo tu ya kisiwa, na sitaki kitu chochote chetu kikutane na ndege ya abiria. Nataka mkaguzi, hata mara mbili kwa mwaka, na kipande cha kiwanja bara, mbali na njia za ndege, siku maalumu.

Kuna na wale wa "maskini na ndege wapi na wapi, kwanza maji". Hawa nawajibu kwa feri ya Mtongwe. Aprili 1994 ilipinduka karibu kabisa na ufuo, imejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 270 wakafa. Maskini ndiye anayekufa kwa uzito usiopimwa, maskini ndiye anayehitaji majirani wanaojua kitovu cha uzito ni nini na wasioona haya kumwambia nahodha "hapana". Kwenye chumba chetu kijana wa miaka 17 anajua kukihesabu kwa kalamu. Hilo halina video.

Kwa hiyo, ombi. Mkitumiwa ile video, muulizeni mwenye nayo maswali matatu kabla ya kuisambaza: ina uzito gani, bawa limepakiwa mchanga kiasi gani, na nani mwingine ametia saini. Mwandishi wa habari anayesoma hapa naye aulize hayo. Akijibiwa vizuri, nitapiga makofi mimi wa kwanza.

Na wewe uliyeko ng'ambo ya daraja, najua unasoma. Daftari liko pale pale na ukurasa wako haukukatwa. Bawa la pili litageuzwa Jumamosi ijayo baada ya Alasiri, viungo vyote vimerudiwa kwa siku kavu, mzee amevigonga kimoja kimoja. Mifuko tunayo 24. Mizani yetu inasoma hadi kilo 100 tu, kwa hiyo injini yako bado hatujawahi kuipima. Ilete.