Vilebu wa Kitengela na Watu wa Pwani

Katika matusi yote tuliyorithi pwani, hakuna linalomchoma mtu kama kuitwa mbwa. Mtoto hulijua tusi hilo kabla hajaijua alifu na be. Lakini lugha hiyo hiyo ndiyo iliyotupa neno kilebu, jina zima la mtoto wa mbwa peke yake, na ndiyo iliyosema mbwa hafi maji akiona ufuko. Aliyesema hivyo alikaa akamtazama mnyama yule mpaka akatoka salama majini. Hakumrushia jiwe.

Nayasema haya kwa ajili ya jamaa zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu waliohamia bara wakajenga Kitengela. Kule si Mji wa Kale, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Nyumba husimama peke yake uwandani, usiku una wezi wake, na Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko karibu, nayo upande wa kusini haina ua. Juni 2012 simba sita waliotoka mbugani waliuawa papo hapo Kitengela, baada ya kuvamia mifugo ya watu. Mmasai wa Kajiado hafugi mbwa kwa mapambo. Kelele zake ndizo zinazomwamsha fisi anaponusa zizi. Basi mhamiaji naye huiga, akaweka mbwa wa ulinzi. Na mbwa jike, ndugu msomaji, hangoji fatwa. Siku kama 63 zikipita, keshazaa chini ya tangi la maji.

Hapo ndipo nyumba inapogawanyika. Bibi ataka waondolewe kabla ya Magharibi, watoto wanalia wawachukue mikononi, na bwana ajifanya hakuona. Wako wanaowatia guniani wakawabwaga usiku kando ya barabara ya Namanga, kisha wakaamka kuswali Alfajiri kwa raha zao. Ukiwauliza watakwambia mbwa ni najisi. Ni kweli, katika madhehebu yetu ya Shafii ni najisi nzito. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini hiyo ni hukumu ya kuosha, wala haikumruhusu mtu kutesa. Kavu kwa kavu haina najisi, na wafuasi wa Imamu Malik humhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Tumesoma sote Sura ya Pango na mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Tumesikia pia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akaghufiriwa.

Kufuga mbwa pasipo haja hupunguza thawabu kila siku, hilo halina mjadala. Wa mifugo, wa mawindo na wa shamba wameruhusiwa, na wanazuoni wetu wengi wakamkisia na wa kulinda nyumba. Imamu Nawawi aliligusa hata suala la kilebu: je, yafaa kumlea angali mdogo ili aje awe mlinzi? Akaona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba yafaa. Laiti vyuo vyetu vingeifundisha habari hii kwa bidii ile ile inayofundishiwa ile ya udongo!

Malezi yenyewe si makubwa. Kilebu huzaliwa kipofu, macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14, na katika majuma ya kwanza hawezi kujipasha joto mwenyewe. Baridi ya Kitengela ya Julai si ya Mombasa. Gunia kavu na banda lisiloingia upepo huokoa maisha. Maziwa ya ng'ombe humharisha. Mwacheni mama anyonyeshe, naye mama alishwe vyema. Dawa ya minyoo huanza akiwa na majuma mawili, kwani minyoo hiyo huhamia kwa watoto wa binadamu wachezao mchangani. Akitimiza miezi mitatu adungwe sindano ya kichaa cha mbwa.

Juu ya kichaa hicho nataka nikae kidogo. Dalili zake zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali akachanjwe. Udongo ni wa chombo. Usitiwe jerahani hata kidogo. Mambo ya tohara yatangoja.

Na Idi ya kuchinja inapofika, pana hatari nyingine ambayo wenzetu hawaizungumzi. Maini na mapafu ya kondoo yakiwa na vifuko vya maji ndani, mkono wa mtu huenda moja kwa moja kumtupia mbwa. Vifuko hivyo ni mabuu ya tegu. Mbwa akivila, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtu akiyala bila kujua, uvimbe humwota iniini. Umasaini na Turkana maradhi haya yanajulikana sana. Vizikwe, tena kwenda chini.

Juma la nane likipita, vilebu wagawiwe. Nasema wagawiwe, kwa kuwa thamani ya mbwa katika madhehebu yetu haifai kuliwa, hata jirani akitoa noti mkononi. Wachungaji wenye haja wapo Kajiado nzima. Wakikosa wa kuwachukua wote, basi wabakio ni wa mwenye nyumba, na kuwalisha ni wajibu wake kama alivyo wajibu kumlisha mbuzi wake.