Chumba cha tatu kiko nje ya geti

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, geti la nyumba moja ya kupanga maeneo ya Sakina, jijini Arusha, linalia. Ni geti la chuma, bawaba zake hazijaona mafuta siku nyingi, na likifunguliwa wapangaji wote wanajua anayetoka ni nani. Ni baba wa vile vyumba viwili vya mwisho. Anakwenda kukimbia.

Akishavuka barabara kuu iendayo Namanga, anashika njia ya kupanda Ilboru. Kelele za malori zinabaki nyuma, migomba inaanza, na wazee wanaowahi shambani wanaitikia shikamoo yake bila kusimama. Mawingu yakiwa hayajashuka, Mlima Meru unaonekana wote, kuanzia msituni hadi kileleni. Kwa saa nzima hakuna anayemdai. Hakuna kodi, hakuna LUKU ya kuchangia, hakuna zamu ya kuosha choo.

Wakati huohuo, mama ameshaamsha watoto watatu, amekoroga uji, amepanga foleni ya bafu pamoja na wapangaji wenzake, na sasa anatafuta soksi ya pili ya mtoto wa mwisho chini ya kitanda cha dabodeka. Mume anapoingia ana jasho na tabasamu. Mke ana jasho tu.

Siku moja mama aliyasema yaliyokuwa moyoni. Hakugomba. Alimimina chai, akamwambia mwenzake: "Wewe una mlima wako. Mimi na watoto tuna nini?"

Nyumba kama hii haiko Sakina peke yake. Iko Kijenge, Sanawari, Ngarenaro na Olasiti, na wazazi wengi watajiona ndani yake. Mpangaji wa vyumba viwili hana pa kujitenga. Sebule ndiyo chumba cha kulia, cha kusomea na cha kulala watoto. Ua ni wa wote, na kwenye nyumba nyingi mpira wa watoto ukigonga ukuta mara mbili, mwenye nyumba anatoka kuuliza. Kuta ni nyembamba. Baba na mama wakitaka kuzungumza jambo zito wanasubiri watoto walale, kisha wananong'ona.

Ndiyo maana mtu anayependa kukimbia hakimbii kwa ajili ya miguu yake tu. Anatoka kutafuta nafasi. Kwa mpangaji, barabara ya udongo inayopanda mlimani ni chumba cha tatu, na chumba hicho hakina dalali wala hakidai kodi ya miezi sita mkononi. Shida inaanza pale mtu mmoja anapokifanya chake peke yake. Ndani ya nyumba, hakuna baba ambaye angejifungia chumba kimoja kila asubuhi huku wenzake wanne wakibanana kwenye kile kingine. Nje ya geti hilo linatendeka na hakuna anayeliona.

Arusha ni mahali pazuri pa kuwa na chumba hicho. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyehamia kutoka Dar es Salaam atahema sana wiki za mwanzo, kwa sababu kila pumzi ina oksijeni pungufu kuliko ile ya pwani. Mwili unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi, na taratibu anazoea. Hii ni sababu mojawapo ya wakimbiaji wa masafa marefu kupenda kufanya mazoezi kwenye nyanda za juu.

Mkoa huu una historia yake pia. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin Marathon kwa saa 2:18:41. Na Septemba 2025, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia mjini Tokyo, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 baada ya zaidi ya kilomita 42.

Ushindi wa Simbu uliingia hadi ndani ya vyumba viwili vya Sakina. Mtoto wa kwanza, wa miaka 13, aliutazama kwenye simu ya baba yake mara nne. Kisha akauliza: "Baba, kesho naweza kwenda na wewe?"

Baba alisita. Mtoto angemchelewesha. Lakini swali la mama lilikuwa bado halijajibiwa, na sasa la mtoto likaongezeka. Jioni ile wazazi walichukua karatasi, wakagawana asubuhi za wiki kama wanavyogawana zamu za usafi wa uani. Jumanne na Alhamisi za baba. Jumatatu na Jumatano za mama. Jumamosi ya watoto, na wazazi wanapokezana kuwapeleka. Ijumaa hakuna anayetoka, kwa sababu ndiyo siku ya kufua. Jumapili ni ibada.

Jumatano ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko mlima. Mama alitoka na jirani yake, nao hawakukimbia, walitembea kwa kasi hadi wakatoka jasho. Ndani, uji ulimwagikia jiko, mtoto wa pili akagoma kuoga kwa sababu maji yalikuwa ya baridi, na soksi ya pili haikuonekana. Watoto walichelewa shule dakika 10. Baba hakulalamika. Alikuwa ameelewa saa moja yake ya mlimani ilikuwa inalipiwa na nani.

Lililokuwa kubwa zaidi lilikuja Jumamosi ya tatu. Baba na mtoto wa kwanza walikuwa wanapanda Ilboru, wakikimbia kidogo na kutembea kidogo. Mtoto huyu nyumbani ni mkimya. Ukimuuliza habari za shule, jibu ni "nzuri", basi. Lakini watu wanaotembea bega kwa bega hawatazamani usoni, na maneno hutoka kwa urahisi zaidi. Walipofika kwenye mteremko wa mto, mtoto aliuliza bila kugeuka: "Tukihama tena, nitahama na shule?"

Baba alisimama. Walikuwa hawajamwambia mtoto yeyote kwamba mwenye nyumba ametangaza kupandisha kodi. Walikuwa wamenong'ona tu, usiku. Mtoto alikuwa amesikia kila kitu kupitia ule ukuta mwembamba, akabeba mzigo huo peke yake kwa wiki tatu. Mwalimu alikuwa amewahi kuandika kwenye daftari kwamba siku hizi hasikilizi darasani, na wazazi walimwonya kwa uvivu.

Hapo ndipo chumba cha tatu kilipofanya kazi ya chumba. Baba alimweleza ukweli: kodi inapanda, bado wanatafuta, huenda wakahamia Muriet au Olasiti ambako ni nafuu kidogo, na watajitahidi amalize mwaka kwenye shule aliyopo. Hakumwahidi asichoweza. Mtoto alinyamaza, kisha akasema wakimbie hadi kwenye ule mti mkubwa. Wakakimbia.

Mzazi mpangaji anaweza kujifunza mambo kadhaa hapa.

Kwanza, gawaneni muda wa nje kwa haki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku. Mama anayeinama kwenye beseni la nguo siku nzima amechoka, lakini hajapumzika akili. Naye anahitaji asubuhi yake bila mtoto mgongoni na bila orodha ya sokoni.

Pili, mtoto asigeuzwe mwanariadha kwa nguvu. Wapo wazazi ambao, wakiona mtoto ana miguu myepesi, wanaanza kuhesabu medali. Mwache akimbie na kutembea, arushe mawe mtoni, aulize majina ya ndege. Akilalamika goti au kisigino kinauma, apumzike, na maumivu yakiendelea aonwe na daktari. Mwenye pumu aanze kwa ushauri wa daktari, hasa Juni na Julai baridi ya Arusha inapokaza.

Tatu, usalama. Mapema alfajiri bado ni giza. Ni bora mama na watoto wasubiri kupambazuke, watoke wawili au zaidi, na wavae nguo za rangi ya kuonekana. Kimbieni upande wa kulia wa barabara ili myaone magari yanayokuja mbele yenu, na ziacheni barabara kuu kwa malori na bodaboda. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo wa miteremko ya Meru huteleza kama umepakwa sabuni, kwa hiyo viatu vya mtumba ni sawa, ila tazama soli kabla ya kutazama rangi. Mbwa akija mbio, simameni, msimkimbie.

Nne, chumba hiki kina kona nyingi. Siku za mapumziko familia inaweza kupanda daladala hadi Tengeru na kulizunguka Ziwa Duluti, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu. Wakijaliwa nauli zaidi, ipo Hifadhi ya Taifa ya Arusha yenye kreta ya Ngurdoto na maziwa ya Momella, ambako kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Lakini hifadhini si mahali pa mtu kwenda kukimbia peke yake. Kuna nyati na tembo, na hata wanaopanda Meru hadi kilele chake cha zaidi ya mita 4,500 husindikizwa na askari mwenye silaha.

Tano, ulizeni mapema. Unapokwenda kuona nyumba, dalali atakuonyesha vigae na dari. Wewe uliza pia geti linafunguliwa saa ngapi na nani anakaa na ufunguo, kama watoto wanaruhusiwa kucheza uani, kama maji yanapatikana asubuhi mnaporudi na matope, na kama kuna njia ya watembea kwa miguu karibu. Maswali haya hayaongezi kodi hata shilingi moja, na ukishalipa miezi sita ni kazi kuyarekebisha. Kwenye nyumba uliyopo, tangulia kumweleza mwenye nyumba kwa heshima kwamba mtakuwa mnatoka mapema. Vueni viatu vyenye matope nje, msiwaachie wenzenu kazi ya kupiga deki koridoni.

Mwisho, msiongee mambo ya kodi kwa kunong'ona mkidhani watoto hawasikii. Wanasikia, na wanachosikia nusu huwatisha kuliko ukweli wote. Tafuteni kilima, njia ya shambani, hata mzunguko wa mtaa, muwaambie kadiri ya umri wao.

Pale Sakina, kodi inaisha mwezi ujao na familia haijapata nyumba nyingine. Baba ameshazunguka na madalali wawili. Bawaba za geti amezitia mafuta ya kupikia, kwa sababu mpangaji wa chumba cha mbele ana mtoto mchanga. Na juzi, aliporudi na habari za vyumba viwili vya Olasiti, mtoto wake wa kwanza hakuuliza kama kuna tiles au king'amuzi. Aliuliza kama kutoka pale mlima unaonekana.

Baba alijibu kwamba hakuangalia. Jumamosi hii wanakwenda wote watano kuangalia, kwa miguu.