Julai si mwezi wa kupima kasi ya baiskeli

Haya jamani, leo tuweke kando programu na seva, tuongee baiskeli. Msiogope, hesabu zipo.

Kila baridi ya Julai ikishika hapa Machakos, maneno ni yale yale: fulani ameshuka kiwango. Kapimwa saa kumi na mbili asubuhi, mita 200 za kuchomoka kwa nguvu zote, na kasi haikuonekana. Kwa maoni yangu hapo iliyopimwa ni hali ya hewa. Na kijana akiachwa nje ya timu kwa sababu ya muda huo, ameonewa, hata kama saa ilikuwa sahihi.

Tuanze na hewa, maana ndiyo hulaumiwa. Hewa baridi ni nzito zaidi. Kutoka nyuzi 27 za mchana wa Februari hadi 13 za alfajiri ya Julai, uzito wake huongezeka kwa takribani asilimia 5 (gawanya 300 kwa 286, hizo ni Kelvin). Ukiwa kilomita 60 kwa saa karibu nguvu zako zote huishia kusukuma hewa, lakini nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kwa hiyo asilimia 5 hiyo inakunyang'anya kasi asilimia 1.6 tu. Mita 200 za sekunde 12 zinakuwa 12.2. Inauma, lakini haimwangushi mtu. Isitoshe sisi tuko mita 1,600 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi tayari. Eddy Merckx alisafiri hadi Mexico City mwaka 1972 kuifuata hewa ya namna hiyo, akaweka rekodi ya saa moja ya kilomita 49.431.

Mwizi mkubwa yuko kwenye mapaja. Mwaka 1979 Bergh na Ekblom wa Sweden walionyesha kwamba kila nyuzi moja ya joto la msuli ina thamani ya asilimia 4 hadi 6 ya nguvu. Msuli wenyewe, si hewa ya nje! Ukipoa, kemia inayoukaza na kuuachia huenda polepole. Chukua ile 4 ya chini, poza mapaja kwa nyuzi 3: wati 1,000 zinabaki 880. Ingiza kwenye hesabu ile ile, sekunde 12 zinakuwa 12.5. Hasara hii ni zaidi ya mara mbili ya ile ya hewa.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, wa Sargeant, 1987. Aliwaloweka watu miguu katika maji ya moto na ya baridi kisha akawakanyagisha. Kwenye mizunguko 54 kwa dakika kila nyuzi ilibadilisha nguvu kwa asilimia 2 hivi; kwenye mizunguko 140, karibu 10. Maana yake baridi inamwadhibu zaidi anayezungusha pedeli kwa haraka. Asubuhi ya Julai mimi ningeweka gia nzito kidogo na kukubali mwanzo mzito.

Waingereza walilichukulia jambo hili kwa uzito. Kwenye Olimpiki ya London 2012, timu yao ya uwanjani ilivaa suruali zenye betri za kupasha mapaja moto kati ya mazoezi na mbio. Na uwanja wenyewe ulikuwa wa ndani, umepashwa joto! Sisi tunampanga kijana foleni kando ya barabara na kaptura yake nyembamba, anangoja nusu saa. Aliyepasha misuli vizuri anakuwa amepoa tena zamu yake ikifika, na wa mwisho kwenye foleni ndiye mwenye hasara kubwa. Suruali nzito ya kuvua dakika ya mwisho haina betri wala gharama, na upimaji unaweza kungoja saa nane mchana.

Na sisi waandishi wa programu tunachangia. Kompyuta nyingi za baiskeli zina kipimajoto ndani, namba inakaa kwenye faili, lakini ubao wa Strava unapanga watu kwa muda peke yake, Februari na Julai kwenye safu moja. Anayepima vijana kwa karatasi na kalamu aongeze safu mbili: joto la hewa, na dakika ngapi mtu alisimama kabla ya kuondoka. Hiyo ya pili nadhani itamshangaza.