Ramani ya Thange Isichorwe na Mwenye Bomba

Vijana wenzangu, tusidanganyane. Mei 2015, mafuta yalipogunduliwa yamevuja huko Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni, kutoka bomba la Mombasa–Nairobi lililoanza kazi 1978, wengi wetu tulikuwa bado shule. Leo tunapiga kura, na swali moja bado linanikera: nani anajua kwa hakika mafuta yanaishia wapi kule chini ya ardhi?

Msidhani hili ni swali la mainjinia pekee. Mstari wa ramani ndio unaoamua nani ni mwathiriwa. Shamba likiwa ndani ya mstari, mwenyewe ana haki ya kudai fidia na maji safi. Likiwa nje kwa hatua kumi tu, anaambiwa kisima chake kiko sawa, aendelee kunywa.

Njia ya kawaida ni kuchimba visima vichache vya uchunguzi, kuchota maji na kupeleka maabara. Na kati ya kisima na kisima je? Hapo ni kukisia tu. Mafuta nayo hayatembei kwa mstari ulionyooka. Yanafuata mchanga na nyufa za mwamba, na maji ya chini yakipanda au kushuka, nayo yanahama.

Vifaa bora vipo. Kuna fimbo ya chuma inayosukumwa ardhini, ubavuni ina kidirisha cha leza. Mwanga ukigusa petroli au dizeli, mafuta yanang'aa, na kompyuta inaonyesha papo hapo yako kina gani. Penye mwamba fimbo haipiti, kwa hivyo wanapitisha umeme ardhini na kusoma tofauti. Ila benzini iliyoyeyuka majini leza haiipati, kwa hivyo maabara bado inahitajika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 za benzini kwa lita moja ya maji. Kiasi hicho hukioni wala hukinusi, na benzini huleta saratani ya damu.

Shida yangu ni nani anashika kifaa. Mara nyingi aliyemwaga ndiye anayemlipa mpimaji. Wazee walishatuambia: kesi ya nyani usimpe ngedere.

Kwa hivyo tudai mambo matatu. Kwanza, serikali inunue au ikodi vifaa hivi, mpimaji awe huru na bili iende kwa aliyemwaga. Pili, matokeo yote yawekwe wazi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari, na cha 42 haki ya mazingira safi. Tatu, upimaji urudiwe kila baada ya mvua, si mara moja halafu kimya.

Vikao vya umma vya bajeti vya kaunti viko wazi kwetu. Tujaze viti, tuulize fungu la kupima maji liko ukurasa gani. Wakikosa jibu, tuandike majina yao. Debeni tutakutana.