Mnaomcheka Nabwana, Nyie Mmemaliza Muvi Ngapi?

Wadau, juzi mshkaji kanitumia tena kile kipande cha helikopta kwenye Who Killed Captain Alex? na vicheko kibao chini yake. Sawa, hata mimi nilicheka. Helikopta ya kompyuta, inaonekana kabisa. Ila baadaye nikajiuliza: huyu ninayemcheka anamaliza muvi moja anaingia nyingine, mimi nina skripti kwenye simu tangu 2019 inasubiri "kamera nzuri".

Kwa wasiomjua, Isaac Nabwana ni dairekta wa Uganda. Anapigia kazi Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini pale Kampala, ndiyo maana wakaiita Wakaliwood. Kabla ya hapo alikuwa anafyatua matofali. Kampuni yake aliianzisha 2005. Bunduki zinachomelewa kwa vyuma chakavu, kompyuta anaziunga mwenyewe kwa vipuri, waigizaji wanajitolea. Captain Alex ya 2010 inatajwa kuwa haikufika hata dola 200. Na juu ya picha unamsikia VJ Emmie anashangilia na kutania mwanzo mwisho, raha ileile ya muvi za kutafsiriwa tulizobanana kuziangalia kibanda umiza.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na mashabiki wake. Wengi wanasema utamu wa jamaa ni kukosa hela. Jamani! Alipomaliza Captain Alex ilibidi aifute kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kazi inayofuata. Tunayoiangalia leo imetokana na DVD, ndiyo maana picha ina ukungu vile. Kazi ya mtu imepotea kwa kukosa sehemu ya kuhifadhia, halafu sisi tunaona ni vichekesho?

Mwaka 2015 aliomba mchango Kickstarter. Unajua aliomba ngapi? Dola 160! Watu wakachanga zaidi ya 13,000. Mwaka 2019 Crazy World yake ikaonyeshwa tamasha la Toronto. Watu walikuwepo muda wote, yeye ndiye alishazoea kuishi bila kitu.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi tutoe muvi mbovu kwa sababu bajeti ndogo. Hapa Bongo tunao wanaotoa muvi kila kukicha, hela wanayo, stori hawana, na wao wasijifiche kwa Nabwana. Yeye kwake kila shilingi unaiona kwenye kioo. Ila tukiendelea kumsifia kwa sababu ni maskini, ni kama tunamwombea abaki hivyohivyo.

Mimi wikiendi hii naanza kushuti na simu yangu. Na kopi naweka sehemu mbili.

Wewe unasemaje, Nabwana ni msanii au ni kichekesho? Na hiyo skripti yako inasubiri nini? Tiririka hapo chini.